Aliyetufunga na Aliyetufuta

Juzi jioni niliingia kwenye banda la mpira pale Mwisenge kumfuata binti yangu aje ale. Nilimkuta amebanwa katikati ya watu, macho kwenye skrini. Timu wanayoipenda ilikuwa inacheza, na upande wa pili walikuwepo wachezaji wawili waliowahi kuwa wa kwao, wameondoka kwa misimu tofauti, sasa wamevaa jezi za wapinzani. Wa kwanza alipogusa mpira, banda lilizomea mpaka mabati yakatetemeka. Wa pili alipogusa, watu walitulia, na kuna mmoja akapiga makofi kidogo, kama mtu anayempokea shemeji aliyepotea. Binti yangu akaniuliza, "Mama, si wote wawili waliondoka?" Nikamwambia twende, ugali unapoa.

Nilimjibu hivyo kwa sababu jibu lenyewe ni refu. Nililipata nikiwa na umri kama wake, nyumbani kwetu, kutoka kwa watu wawili waliokuwa wakilala kitanda kimoja. Wewe una muda, ngoja nikusimulie.

Baba yangu alikuwa fundi mwashi, na jioni alikuwa kocha wa timu ya mtaa. Uwanja wetu ulikuwa hapohapo Mwisenge, chini ya yale mawe makubwa, karibu na ziwa, na upepo ulipovuma kutoka majini ulileta harufu ya dagaa walioanikwa. Goli la upande wa ziwa lilikuwa la miti ya mkaratusi, na la upande wa pili lilikuwa la mabomba ambayo baba aliyapata sijui wapi. Kila Jumamosi mimi na mama tulikuwa tunafua jezi ziwani na kuzitandaza juu ya mawe. Jua la Musoma halichelewi. Ukimaliza ya mwisho, ya kwanza imeshakauka na inanukia sabuni ya mche. Siku ya mechi mama alipika sufuria kubwa la uji wa ulezi, wachezaji wakanywa wakati wa mapumziko wakiwa wamechuchumaa, jasho linadondokea vikombeni.

Kaka yangu ndiye aliyekuwa mshambuliaji. Alikuwa na mbio, tena na hasira, na hivyo viwili vikikutana kwa mtu mmoja mabeki hawalali. Kipa hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa yatima wa kule Butiama, jirani wa bibi yangu, na bibi ndiye aliyemleta kwetu asome sekondari mjini. Alikuja na mfuko wa viazi vitamu na jozi moja ya viatu. Mama alimwonyesha kitanda cha kaka akasema, "Mtabanana." Wakabanana miaka. Walikuwa wanagombania shuka, wanagawana samaki, yule anakula kichwa cha sato na huyu anakula mgongo, na uwanjani mmoja alikuwa wa mwisho nyuma na mwingine wa mwisho mbele. Watu wa mtaa waliwaita watoto wa kocha, wote wawili, bila kutenganisha.

Msimu ninaousema, tulifika fainali ya kombe la ng'ombe, tucheze na timu ya Bunda, kwao. Nadhani unajua maana ya ng'ombe mkoani kwetu. Mtu anaweza kusahau sikukuu ya kuzaliwa kwa mwanawe, lakini hasahau dume aliyemkosa.

Siku hizo kaka alikuwa ameanza kwenda Buhemba kwenye machimbo ya dhahabu na wenzake, na akawa anakosa mazoezi. Akirudi, amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Jioni moja alitokea uwanjani mazoezi yanakaribia kuisha. Baba hakupiga kelele. Alimwita mbele ya wote, akamfungua kile kitambaa cha ukapteni mkononi, akamfunga kipa. Kipa alisema, "Baba, muachie mwenyewe." Baba akasema, "Nimekufunga wewe." Kaka alitutazama sote, akavua jezi akaiweka chini, akapanda zake kwenye mawe kifua wazi. Usiku ule hakulala nyumbani. Baada ya siku chache tukasikia yuko Bunda, na Bunda wamempa jezi.

Tulienda kwenye fainali kwa lori la mchanga. Mama alipanda, nami nikapanda nimeshika kandambili mkononi zisidondoke. Nyimbo zilianza tulipotoka mjini, lakini tulipopita Makutano zilikuwa zimekwisha, watu wanatazama barabara tu. Kila mtu alikuwa anajiuliza jambo lile lile na hakuna aliyetaka kulisema mbele ya baba. Atacheza? Seremala wa jirani, ambaye ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko wote mtaani kwetu, alikaa kwenye ukingo wa lori akitafuna njiti, kimya. Nikaona kweli mambo ni makubwa.

Alicheza. Alitoka na wale wa Bunda kutoka nyuma ya shule, amevaa jezi ya rangi tusiyoizoea, na hakutazama upande wetu. Sijui nikueleze vipi kumwona mtu uliyemfulia nguo akiwa adui yako mchana kweupe. Mama alinishika bega na vidole vyake vikaniuma, hakuvilegeza mpaka mwisho.

Mechi ilikuwa ya kuviziana. Vumbi la Bunda lilikuwa linapanda, kilima cha Balili hakionekani, kisha upepo unageuka unakiona tena. Karibu na mwisho kaka alipata mpira akiwa peke yake, akabaki yeye na kipa. Kipa alimjua kaka anapopenda kupiga, na kaka alijua kwamba kipa anajua. Nikamwona kipa anaruka kulia, na mpira unaingia kushoto, taratibu, hata haukugusa wavu kwa nguvu. Hapo ndipo kaka alipofanya alichofanya. Alikimbia mpaka mbele ya lori letu, akasimama, akaweka kidole mdomoni. Nyamazeni. Alitunyamazisha sisi, na mama yake akiwemo.

Mawe yalianza kuruka. Seremala aliruka kutoka kwenye lori ana kipande cha ubao, wanaume wengine wakamfuata, na watu wa Bunda wakaja wakajaa katikati. Baba hakuinuka kwenye kiti chake cha kocha. Mama ndiye aliyeteremka, akasimama mbele ya seremala akamwambia, "Mpige, lakini anza na mimi niliyemzaa." Seremala alitupa ubao chini. Refa akamaliza mechi, na wakati tunapanda lori wakampitisha yule dume mbele yetu kwa kamba, mweupe mwenye doa jeusi shingoni. Watu walimtazama kama wanatazama jeneza.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya. Mama alikuwa anakaanga samaki barazani, sato na furu, na wateja wake walikuwa haohao wa mtaa. Walianza kupita upande wa pili wa njia. Asubuhi moja tukakuta mtu amemwaga mchanga kwenye karai la samaki. Mama alilitazama, akawaosha samaki wote upya, akawakaanga, akakaa. Mezani aliendelea kuweka sahani ya kaka. Baba aliiondoa. Mama akairudisha. Hawakuambizana neno juu ya sahani ile, na sisi watoto tulikula haraka tuondoke.

Katikati ya uchungu huo ikaja habari njema. Kuna watu wa timu kubwa ya Dar waliokuwa wamemwona kipa kwenye fainali, wakamtaka. Mtaa ulipumua. Tuliondokewa na mmoja kwa aibu, basi huyu aende kwa heshima. Tulimpeleka Butiama kwa bibi kuaga. Bibi alichinja mbuzi, akamtemea mate ya baraka kifuani kama wazee wafanyavyo, kisha akamwekea ishara ya msalaba kwenye paji la uso ili pasiwe na upande uliosahauliwa. Siku ya safari, mtaa mzima ulimsindikiza stendi. Seremala alimbebea begi. Kipa alilia, baba akamwambia, "Nenda. Ukifika sema unakotoka." Hilo tu.

Kaka alirudi wakati wa kiangazi. Bunda walikuwa wamemchoka au yeye amewachoka, sijui, hakuwahi kueleza. Hakuja nyumbani kwanza. Alikwenda uwanjani saa ya mazoezi, mchana bado upo, watu wamejaa, akakaa chini nyuma ya goli la upande wa ziwa. Alikaa mavumbini miguu ameinyoosha, mahali ambapo mtu yeyote angeweza kumfikia.

Wakamfikia. Ee ndugu yangu, kaka yangu alitukanwa. Seremala alimsimamia kichwani akamwaga yote aliyoyaweka tangu ile siku ya ubao. Mama mmoja muuza dagaa alimwambia kwamba mwanawe alishikwa na homa baada ya fainali. Vijana walimwita msaliti, wakamwiga alivyoweka kidole mdomoni. Kijana mmoja alimpiga teke la mgongo, na nikaona kaka anakunja ngumi, na uwanja wote ukageuka kutazama. Akaikunjua. Baba aliendelea na mazoezi kama vile hakuna kitu. Jua lilipozama kaka aliinuka akaenda kulala kwa rafiki yake, mtaa wa Nyakato.

Kesho yake akaja tena. Akakaa palepale. Wakamtukana tena, ila ilibidi watafute maneno mapya. Akaja na siku iliyofuata. Kiangazi kizima alikuwa anakujaga, na kidogo kidogo matusi yakaanza kuchanganyika na habari nyingine. "Msaliti wewe, huko Bunda walikuwa wanawalisha nini?" "Msaliti, ni kweli yule beki wao amevunjika mguu?" Naye alijibu kila swali, hata la kijinga, bila kujitetea.

Siku moja timu ilipungukiwa mtu. Winga alikuwa na malaria. Walisimama pale wakihesabiana na kutazamana, na ni seremala aliyegeuka nyuma ya goli, sauti yake imejaa hasira kwelikweli, akasema, "We msaliti, unakaa tu kama gunia. Inuka, hatujatimia."

Kaka akamtazama baba. Baba alikuwa anatazama ziwani. Halafu akasema, "Kaza kamba za viatu. Siku zote unaacha kamba zinaning'inia."

Usiku ule sahani haikuondolewa mezani. Nilimuuliza bibi baadaye, likizo, tukimenya mihogo: kwa nini wamemsamehe mtu aliyetufanyia vile? Akaniambia, "Mtu akiwa karibu, mkono unaompiga ndio huohuo unaomkatia ugali. Akiwa mbali utampiga na nini? Unabaki umeukunja tu." Nilikuwa mdogo, nikadhani anasema juu ya kaka peke yake.

Habari za kipa tulizipata redioni. Aling'ara huko, kweli aling'ara. Mtangazaji alipotaja jina lake, wanawake waliacha kutwanga. Kisha tukasikia kwamba Jumapili fulani watamhoji. Tulitoka misa hatukupita popote, watu wakaja kwetu na viti vyao na mikeka, wengine wakakaa ukutani. Mama alikaanga samaki wote aliokuwa nao. Baba alivaa shati la kanisani akaiweka redio juu ya stuli, antena yake imeelekezwa juu.

Wakamuuliza mambo mengi, anakula nini, ameoa au bado. Tulikuwa tunacheka kila anapocheka. Halafu mtangazaji akamuuliza mpira amefundishwa wapi. Nakumbuka mtu mmoja nyuma alisema, "Sasa," kwa sauti ndogo. Na ile sauti tuliyoijua, ya mtu aliyekuwa akigombania shuka nyuma ya ukuta wetu, ikasema, "Mpira nimefundishwa hapa Dar. Huko nyuma nilikuwa nacheza tu kitoto." Kisha wakapiga muziki.

Hakuna aliyemtazama baba. Baba alikuwa ameweka mikono magotini, mikono yake ya saruji, kucha zimepasuka. Mwishowe akasema, "Watakuwa wamemwamsha mapema. Mtu akiamshwa mapema hajui anachosema." Watu wakaitikia, ndiyo kocha, watakuwa wamemwamsha. Wakakusanya viti vyao mmoja mmoja. Samaki wa mama walibaki.

Ni seremala aliyelisema, akiwa mlangoni, mgongo ametugeuzia. "Yule alitufunga," alisema, akimwonyesha kwa kidevu kaka aliyekuwa barazani. "Huyu ametufuta."

Hata hivyo, nakuapia, wangemsamehe. Baba alimngoja. Kila msimu ukiisha alikuwa anasema, sasa wako likizo, atakuja. Wachezaji wengine wa mkoani walikuja, tukawaona stendi na mabegi yao. Yeye alituma salamu kupitia kwa watu, kwamba yuko salama, kwamba atapanga. Baadaye akahamia timu nyingine, baadaye akaacha mpira, na salamu zikakatika. Baba alipougua, kaka alimbeba mgongoni kumtoa nje aote jua. Alipofariki, tulimzika Butiama, na kaka na seremala ndio walioshika kamba za mbele kuliteremsha sanduku. Watu walitazama barabarani mpaka udongo wa mwisho. Bibi, ambaye macho yalikuwa yameshafifia, aliuliza kila gari liliposimama, "Ni yeye?" Haikuwa yeye.

Sasa nikuambie la mwaka jana. Nina duka la dawa Nyakato. Mchana mmoja aliingia mzee mrefu, nywele nyeupe, akaomba dawa ya magoti. Nilikuwa nimeshageuka kwenye rafu ndipo sauti ikanifikia. Niliijua kabla sijamtazama tena.

"Wewe ni yule mdogo," akasema. "Wa kufua jezi."

Nilimpa kiti. Sikujua nimpe nini kingine. Alinywa maji, akauliza mama, nikamwambia alishatangulia, na bibi pia. Akauliza kaburi la baba liko upande gani wa nyumba. Halafu, bila mimi kuuliza, akasema, "Ile redio. Mimi nilimtaja baba. Nilimtaja na Mwisenge, nikamtaja na bibi. Walikata."

Nikamwambia, "Ungekuja ukatuambia."

"Nilisikia mmekasirika. Mtu alitoka huku akaniambia, usikanyage Musoma, utapigwa. Nikasema ngoja wapoe. Mwaka ukapita. Ukiacha mwaka, wa pili unakuwa mgumu zaidi."

Sijui kama alisema kweli. Nimefikiria sana na bado sijui. Nilimpigia simu kaka, nikamwambia ni nani yuko dukani kwangu.

"Anataka nini?"

"Kukuona. Anasema walimkata redioni."

"Mimi nilitukanwa kiangazi kizima," kaka akasema. "Nilipigwa teke mbele ya baba yangu, nikanyamaza. Yeye anataka apitie mlango upi?" Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Tulilala kitanda kimoja. Mwambie angekuja baba akiwepo." Akakata.

Mzee alikuwa amesikia, simu zetu hizi zinapiga kelele. Aliomba nimpeleke uwanjani, nikafunga duka tukapanda bajaji. Nilijaribu kumwambia njiani kwamba uwanja haupo, lakini alikuwa anatazama nje, anatafuta mawe.

Mawe yapo. Vingine vyote vimeondoka. Palipokuwa na uwanja pana nyumba za kupanga, saluni, duka la mangi la rejareja, na njia nyembamba ya kupitisha maji machafu. Alisimama mahali akasema, goli lilikuwa hapa. Nikamwambia hapana, ni kule kwenye kile choo cha matofali. Akaenda akasimama kule. Alikuwa amevaa koti na jua lile, amejiweka sawa, mikono pembeni, kama mtu aliyeitwa mbele ya wazee. Nikaelewa kwamba amekuja kutukanwa. Amejikaza kwa miaka yote hiyo mpaka ameweza, na sasa yuko tayari.

Lakini seremala amekufa. Yule mama wa dagaa amehamia kwa mwanawe Bunda. Waliokaa kwenye mikeka siku ya redio wamekwisha au wametawanyika, na wapangaji wa sasa wametoka kila mahali, hawajui kama paliwahi kuwa na timu hapa, wala kama kuna mtu aliyeondoka. Ile hasira ilikuwa mali yao wenyewe, na msamaha nao ulikuwa mali yao. Walikwenda na vyote viwili. Mimi sikuachiwa chochote cha kumpa, nami sikuwa na moyo wa kujifanya ninacho.

Tulisimama pale muda mrefu. Mwanamke mmoja alitoka kuanika nguo, akatutazama, akaendelea kuanika. Watoto walikuwa wanacheza mpira wa makaratasi kwenye ile njia ya maji, na walipomfikia waliusimamisha mpira, wakampisha, wakamsalimia kwa adabu kabisa, mmoja baada ya mwingine, "Shikamoo, babu," kama wanavyomsalimia mgeni yeyote.